Gari la Umeme Lenye Tangi la Petroli: Unanunua Nini Hasa?

Jirani mmoja aliweka tangazo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu: picha ya Nissan Note e-Power ya buluu, na chini yake maneno "gari la umeme, halichajiwi." Mjadala ukawaka hadi usiku. Mmoja akasema hiyo ni haibridi tu kama Toyota Aqua. Mwingine akaapa kwamba kwa shemeji yake liko kama hilo na lina tundu la kuchajia. Kijana wa nyumba ya kona akaleta video ya gari la Kichina linalodaiwa kwenda kilometa 1,300 bila kusimama, nalo likaitwa la umeme, ilhali lina tangi la lita 65. Mama mmoja, ambaye kwa kawaida huandika tu siku ya kukusanya hela za ulinzi, akauliza: "Kama ni la umeme, petroli ya nini?" Hakuna aliyemjibu vizuri.

Nimejaribu kumjibu hapa, kwa sababu magari haya yameanza kutajwa sana na bei zake si za kubahatisha.

Majina ya biashara yaache pembeni kwanza. Gari lolote utakaloonyeshwa, uliza maswali mawili. Je, lina tundu la kuchomeka waya wa umeme? Na je, injini ya mafuta inaweza kuyazungusha magurudumu yenyewe?

Toyota Prius ya kawaida, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1997, na Aqua iliyoifuata, hazina tundu, na injini yake inasaidiana na mota ya umeme kuzungusha magurudumu. Hiyo ni haibridi ya kawaida. Mitsubishi Outlander PHEV ina tundu, na mwendo ukiwa mkubwa injini inaweza kuyashika magurudumu. Hiyo ni haibridi ya kuchomeka. Nissan Leaf ina tundu na haina injini kabisa, umeme mtupu. Note e-Power, iliyotoka Novemba 2016, ina injini ya lita 1.2, lakini kazi ya injini hiyo ni kuzalisha umeme tu, na mota ndiyo inayosukuma gari. Tundu haina. Betri yake ni ya kilowati-saa 1.5 hivi, yaani uniti moja na nusu ya umeme wa LUKU. Umeme wote unaolisogeza gari hilo, ukifuatilia chanzo chake, umetoka kwenye petroli. Kwa hiyo tangazo la jirani lilikuwa na nusu ya ukweli: halichajiwi kwa sababu haliwezi kuchajiwa.

Gari la makala haya linachukua tabia mbili za hayo ya mwisho. Lina tundu na betri kubwa kama Leaf, na lina injini isiyogusa magurudumu kama e-Power. Watengenezaji hulibandika herufi EREV, REEV au REx. Mimi nitaliita gari la umeme lenye jenereta, maana ndivyo lilivyo.

Jenereta nyuma ya nyumba

Fikiria nyumba ya kijijini yenye sola, betri, na jenereta ndogo kwenye kibanda nyuma. Taa, friji na televisheni vyote vinakula kutoka kwenye betri. Siku za jua jenereta inalala. Mawingu yakikaa siku tatu, mwenye nyumba anaivuta kamba, jenereta inajaza betri, na ndani hakuna anayejua tofauti isipokuwa kwa kelele. Weka soketi ya ukutani mahali pa jua, weka mota mahali pa friji, na umelielewa gari zima.

Waliozoea treni wana mfano mkubwa zaidi. SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza 2017, inavutwa na vichwa vya dizeli, lakini dizeli hiyo inazungusha jenereta, na umeme ndio unaozungusha magurudumu. SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria 2024, inachukua umeme kwenye nyaya za juu. Gari letu ni treni ya Dar iliyobeba kichwa cha Mombasa kwenye buti.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1900 Ferdinand Porsche, akiwa kijana huko Austria, alitengeneza gari lililokuwa na injini za petroli za kuzalisha umeme na mota ndani ya magurudumu. Likasahaulika. Mwishoni mwa 2010 Chevrolet walileta Volt, na 2013 BMW wakaleta i3 ambayo ungeweza kuiagiza ikiwa na jenereta: injini ya cc 647 iliyotokana na pikipiki zao, na katangi ka lita 9. Magari yote mawili yalikuja kuachwa. Volt iliisha 2019, i3 ikafuata 2022, na wengi wakadhani hadithi imekwisha.

Ilifufukia China. Kampuni ya Li Auto, iliyoanzishwa 2015, ilijenga karibu biashara yake yote juu ya magari ya aina hii, makubwa, ya familia. Mwaka 2023 peke yake ilikabidhi kwa wateja magari 376,030. Baada ya hapo wengine wakajipanga foleni: Leapmotor na C10 yake, Mazda waliorudisha injini yao ya mzunguko, isiyo na pistoni za kupanda na kushuka, kwenye MX-30, na hata watengenezaji wa pikapu Marekani. Kilichouza ni kitu kimoja, hofu ya kuishiwa chaji katikati ya pori. Mtu anataka gari la umeme kwa siku 350 za mwaka, lakini siku 15 zilizobaki ndizo zinazomnyima usingizi.

Hofu hiyo kwetu si ya kuchekwa. Vituo vya kuchajia kwenye barabara kuu za kwenda mikoani bado ni vya kuhesabu, na umeme wenyewe hukatika. Lakini hofu nayo ina bei, na inafaa uijue kabla hujailipa.

Kubadilisha fedha mara mbili

Ukiwa na shilingi na unataka kununua kitu cha shilingi, huendi kwanza kwenye duka la kubadilishia fedha ukachukue dola, kisha urudi ukachukue shilingi. Kila ukipita pale, mwenye duka anabakiza chake. Gari likitembea kwa jenereta linafanya jambo kama hilo: petroli inageuzwa mzunguko, mzunguko unageuzwa umeme, umeme unageuzwa tena mzunguko. Kila hatua inakatwa kodi yake kwa njia ya joto.

Lita moja ya petroli ina nishati ya kama kilowati-saa 9. Jenereta nzuri ya gari inakutolea umeme wa uniti 3 hivi kutoka kwenye lita hiyo. Gari la kawaida la umeme linakula kama uniti 17 kwa kilometa 100. Makubwa na mazito hula 20 na zaidi. Kwa hiyo, betri ikiisha, gari la kawaida litakunywa lita 5.7 hivi kwa kilometa 100. Si mbaya, lakini Aqua iliyotunzwa, ambayo bei yake huenda ikawa robo ya hilo, inaweza kunywa pungufu. Mjini kwenye foleni mfumo huu hujitetea, kwa sababu injini inazunguka kwa kasi inayoipenda na breki zinarudisha umeme kwenye betri. Kwenye barabara ndefu, mwendo mmoja, injini iliyofungwa moja kwa moja kwenye magurudumu huwa na nafuu.

Sasa weka shilingi. Tuseme petroli ni 3,000 kwa lita na umeme wa nyumbani ni 350 kwa uniti. Wewe weka bei za kwako. Kilometa 100 kwa umeme wa ukutani, ukihesabu na unaopotea wakati wa kuchaji, ni uniti 19, yaani shilingi 6,650. Kilometa hizo hizo kwa jenereta ni shilingi 17,000 na kitu. Mtu anayetoka Goba hadi Posta na kurudi, na mizunguko yake, anatembea kama kilometa 50 kwa siku. Kwa siku 300 ni kilometa 15,000. Akichaji nyumbani atatumia milioni moja kwa mwaka. Akiwa mvivu wa kuchomeka atatumia milioni mbili na nusu, kwa gari lile lile.

Ndiyo maana siulizi kwanza mtu anasafiri umbali gani. Nauliza anaegesha wapi usiku. Kama analala ghorofa ya tatu na gari linabaki uwanjani chini ya mwembe, bila soketi, basi atakuwa amenunua e-Power nzito ya bei kubwa. Na tabia ya kutochomeka si ya kwetu tu. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa taarifa iliyoonyesha kwamba haibridi za kuchomeka barani humo, kwenye matumizi halisi, hutoa hewa ya ukaa mara tatu na nusu ya ile iliyoandikwa kwenye vyeti vyake. Sababu kubwa ni hiyo: watu walinunua tundu wakalisahau.

Kwa mwenye uwanja na geti, soketi ya kawaida inatosha zaidi ya watu wanavyodhani. Kwa ampea 10 inatoa kilowati 2.3. Chomeka saa tatu usiku, chomoa saa kumi na mbili asubuhi, umeingiza umeme wa kukupeleka kilometa 100. Leapmotor C10 yenye jenereta ina betri ya kilowati-saa 28.4 na imepimwa Ulaya kwenda kilometa 145 kwa umeme mtupu, kwa hiyo usiku mmoja na nusu unaijaza kutoka sifuri. MX-30, yenye betri ya 17.8 na kilometa 85, inajaa kabla hujaamka. Ila mwite fundi umeme akuvutie waya wake mnene kutoka kwenye ubao wa umeme. Ekstensheni ya elfu kumi, iliyojikunja chini ya zulia, ikibeba ampea 10 kwa saa tisa kila usiku, ni moto unaosubiri siku yake.

Mlima Kitonga na betri tupu

Hapa ndipo matangazo huwa kimya, kwa hiyo tukae kidogo.

Familia inatoka Dar kwenda Mbeya, kilometa kama 830. Betri ya kilometa 100 imeisha Chalinze. Kuanzia hapo jenereta inafanya kazi: Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni. Njia ni tambarare au ina vilima vya kawaida, na jenereta inamudu. Kisha wanafika Kitonga. Watu watano, mizigo juu, kiyoyozi kimewashwa, malori mbele yanatambaa, na dereva anataka kulipita moja kabla ya kona.

Mota ya gari inaweza kuwa na nguvu nyingi sana kwenye karatasi. Lakini mota hula inacholishwa. Betri ikiwa na akiba, inachangia nguvu ya ghafla na gari linaruka. Betri ikiwa imefika chini kabisa, mota inapata kile tu jenereta inachozalisha wakati huo. BMW i3 ilikuwa na mota ya kilowati 125 na jenereta ya kilowati kama 25, tofauti ya mara tano. Tena Marekani, kwa sababu ya sheria za California, jenereta ilisubiri hadi betri ibaki na asilimia 6 hivi ndipo iwake. Madereva wakajikuta kwenye milima ya barabara kuu gari limepungua mwendo huku malori yakiwajia nyuma, na 2016 shauri likafunguliwa mahakamani.

Chevrolet walikuwa wamelifikiria jambo hilo mapema. Volt ilikuwa na hali ya kuendeshea ya milimani: unaichagua mapema, gari linatunza akiba ya betri, na ukifika kwenye mlima una nguvu ya kutosha. Magari ya sasa ya China mengi yana jenereta kubwa zaidi, ile ya C10 ni kilowati 50 hivi, na yana kitufe au menyu ya kuhifadhi chaji. Kwa kupanda Kitonga taratibu nyuma ya lori, kilowati 50 zinatosha. Kwa kulipita lori, utashukuru kama uliambiwa ubonyeze kitufe hicho ukiwa bado Kibaha.

Kwa hiyo, mbali na ukubwa wa betri, muulize muuzaji kilowati za jenereta. Akikutajia za mota, mrudishe kwenye swali. Msomaji wa Kenya anayepanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,700, aulize mara mbili.

Yanayosemwa vijiweni

"Kwa nini wasifunge alternata kwenye magurudumu, gari lijichaji lenyewe likitembea?" Swali hili halikosekani kwenye kijiwe chochote, na anayelitoa huwa na uhakika kwamba Wazungu wanaficha. Alternata ikizungushwa na gurudumu inalikaba gurudumu. Mota italazimika kusukuma zaidi ya kile alternata inachorudisha. Ni kuchota maji kisimani, kuyarudisha kisimani huku mengine yakimwagika njiani, kisha kutarajia kina kiongezeke. Kurudisha umeme kunafaa pale tu unapotaka gari lipunguze mwendo, yaani kwenye breki na mteremko.

"Ni la umeme, halina sevisi." Hili lina injini. Injini ina oili, chujio, plagi, maji ya kupozea. Tena lina mfumo wa umeme wa volti mamia, ule wenye nyaya za rangi ya chungwa ambazo fundi asiye na mafunzo hapaswi hata kuzigusa. Umenunua vitu viwili, utatunza viwili. Nilimuuliza fundi wangu kama atalipokea. "Oili nitakubadilishia, mzee," akasema, "lakini hizo waya za chungwa, usinitie majaribuni." Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo kuliko angejifanya anajua. Kabla ya kulipa, tafuta nani mjini kwako anajua, na uone kwa macho yako gari la aina hiyo likiwa kwenye gereji yake.

Kuna na kinyume chake, tatizo la injini isiyotumika. Ukichaji kila siku unaweza kumaliza miezi bila jenereta kuwaka, na petroli inazeeka tangini. Volt ilikuwa inaiwasha injini yenyewe kila baada ya wiki kama sita ili isikauke, na mafuta yakikaribia mwaka ililazimisha yachomwe. Usishangae gari likinguruma lenyewe asubuhi wakati betri imejaa. Na usijaze tangi kama husafiri, weka robo.

Kuhusu kilometa 1,300 za kwenye video: hizo ni za betri iliyojaa na tangi lililojaa, kwa kipimo cha China ambacho ni chepesi kuliko cha Ulaya. Umbali wa tangi si sifa ya ajabu. Hata pikapu ya dizeli ya mjomba inafika mbali ukiiongezea tangi. Namba ya kulinganisha ni kilometa za umeme peke yake, na hizo zipunguze robo kichwani kabla ya kupanga maisha yako nazo.

Bandarini

Kuna jambo linaloweza kubadilisha bei yote. Katika mfumo wa kimataifa wa namba za forodha, gari linaloendeshwa na mota ya umeme pekee linaingia 8703.80, na lenye injini ya petroli pamoja na mota za kuliendesha, tena linalochajiwa kwa kuchomeka, linaingia 8703.60. Gari la umeme lenye jenereta limesimama mlangoni kati ya vyumba hivyo viwili: injini ipo, ila hailiendeshi gari moja kwa moja. Nafuu ya kodi waliyopewa magari ya umeme huenda isilihusu. Usikubali neno la muuzaji kwamba "hili ni la umeme, kodi ndogo." Wakala wako wa forodha aulize kwa maandishi kabla meli haijaondoka. Wakenya wana hesabu nyingine, kwa kuwa gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliingii. Note e-Power za mwanzo zimeshafungiwa mlango huo.

Na gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la China linaweza kuja na tundu la kuchajia la Kichina na skrini inayozungumza Kichina. Tundu linatafutiwa kiunganishi. Skrini itakusumbua kila siku.

Nani alichukue?

Jirani wa tangazo aliponiuliza faragha, nilimwambia hivi. Yeye ana geti, ana soketi, anakwenda Mbeya mara mbili kwa mwaka. Kwa safari hizo, kilometa kama 3,300 kwa ujumla, atachoma petroli ya laki tano na nusu hivi. Siku nyingine zote anatembea kwa LUKU. Gari la umeme lenye jenereta linamfaa, kama fundi yupo na kama bei ya forodha imejulikana. Mdogo wake anayepanga Sinza, asiye na mahali pa kuchomeka, namshauri haibridi ya kawaida na asione haya. Dada yao haendi popote zaidi ya Bagamoyo. Huyo jenereta ya nini? Atabeba injini, tangi na sevisi zake kila siku kwa ajili ya safari asiyoifanya. Achukue umeme mtupu, na mwaka atakapotaka kwenda Mbeya, apande basi au aazime gari la kaka yake. Na anayepeleka watalii mbugani kila wiki, kilometa 400 kwa mkupuo, hatapata nafasi ya kuchaji. Atakuwa anaendesha jenereta mwaka mzima.

Ukienda kulijaribu, muuzaji atakuletea gari ambalo betri imejaa. Litakuwa kimya, litaruka kama swala, nawe utatabasamu. Mwambie hapana. Omba lile lililobakiwa na chaji kidogo kiasi kwamba jenereta imeshaanza kunguruma. Pakia watu wanne, washa kiyoyozi, tafuta mlima mrefu kuliko yote jirani na hapo, kanyaga, na usikilize.